Ruzuku ya mtambo wa majitaka: umeme atalipa nani?

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa bodi ya mamlaka ya maji katika mji wenye wakazi wapatao 40,000. Tumeahidiwa ruzuku ya kujenga mtambo wa kusafisha majitaka. Ujenzi wote utalipiwa, hakuna marejesho wala riba. Mshauri mwelekezi amesanifu mtambo wa tope hai, yaani wa bakteria wanaopulizwa hewa, wenye uwezo wa mita za ujazo 10,800 kwa siku. Wenzangu wanasema ya bure hayakataliwi. Mimi nina wasiwasi, ila sijui niulize nini. Nianzie wapi?

Jibu: Nzuri, ndugu mjumbe. Anzia kwenye hiyo 10,800. Mwombe mshauri aifumue mbele ya bodi, maana takwimu ya namna hiyo huwa ni zao la namba tatu tu: idadi ya watu, lita ambazo kila mtu anatumia, na sehemu ya maji hayo inayorudi kama majitaka. Watu 90,000, lita 150 kwa siku, asilimia 80 inayorudi: ukizidisha unapata 10,800 kamili. Sishangai ikiwa ndivyo alivyofanya.

Asilimia 80 haina ugomvi, ni kiwango cha kawaida. Watu 90,000 ndio mji wenu wa miaka ishirini hivi ijayo, ukiendelea kukua kwa asilimia nne kwa mwaka. Lita 150 ndizo za kubana. Chukueni maji mliyouza kwa ankara mwaka jana, myagawe kwa watu mnaowahudumia. Nasema mliyouza, si mliyozalisha. Maji yanayovujia chini ya barabara hayapiti chooni kwa mtu.

Tuseme mmepata lita 80. Kila mtu basi anarudisha lita 64. Halafu jiulizeni ni nyumba ngapi zitakuwa zimeunganishwa siku mtambo unazinduliwa. Zikiwa za asilimia 15 ya wakazi, hao ni watu 6,000, na majitaka yao ni mita za ujazo 384 kwa siku. Hiyo haifiki asilimia 4 ya uwezo wa mtambo. Namba zangu ni za mfano, wekeni zenu, lakini nitashangaa mkifika hata robo.

Mtambo mkubwa wenye kazi ndogo haukai tu ukisubiri mji ukue. Mfumo wa tope hai, uliobuniwa na Ardern na Lockett kule Manchester mwaka 1914, ni ufugaji wa bakteria: uchafu ndio chakula chao, na mashine za kupuliza hewa zinawapa oksijeni. Hewa hiyo kwa kawaida hula nusu au zaidi ya umeme wote wa mtambo. Mashine iliyopimwa kwa ajili ya mita za ujazo 10,800 haishuki chini ya kiwango fulani hata mkitaka, kwa hiyo mtalipia hewa isiyo na wa kuivuta, huku bakteria wakidhoofika kwa njaa. Kwenye mabomba nako hali ni hiyo hiyo. Majitaka kidogo ndani ya bomba pana hujikokota, na mwendo ukishuka chini ya sentimeta 60 hivi kwa sekunde, mchanga na kinyesi vinatuama. Chemba zinaanza kufurika kwenye mtandao ambao haujamaliza hata muda wa uangalizi wa mkandarasi. Tope lililotuama hutoa gesi inayogeuka asidi na kula zege kutokea juu.

Lipo jambo ambalo wengi hulipita. Anayetumia maji machache hana uchafu mdogo. Mtu mmoja hutoa BOD, yaani kipimo cha oksijeni ambayo vijidudu hutumia kumeng'enya uchafu, ya gramu 45 hivi kwa siku, atumie lita 80 au 150. Gramu 45 ndani ya lita 120, yaani asilimia 80 ya 150, ni kama miligramu 375 kwa lita. Ndani ya lita 64 zinakuwa miligramu 700. Mkikuta kwenye ripoti imeandikwa 250 bila sampuli hata moja kuchukuliwa, fahamuni kwamba usanifu huo ulifanyiwa mji mwingine kisha ukabadilishwa jalada. Wateja wakishaongezeka, mtambo huo utakuwa bado mkubwa mno kwa maji huku umezidiwa na uchafu.

Kwa nini ruzuku huzaa mitambo mikubwa? Kwa sababu anayechagua ukubwa siye anayeulipia. Marekani walilijua hilo kwa gharama. Sheria yao ya maji safi ya mwaka 1972 iliifanya serikali kuu ilipe asilimia 75 ya ujenzi wa mitambo ya majitaka. Mwaka 1981 sheria ilirekebishwa: mchango ukapangwa kushuka hadi asilimia 55, na fedha za kujengea uwezo wa ziada wa miaka ijayo zikakatwa. Mwaka 1987 wakaanza kuhamia kwenye mifuko ya mikopo nafuu, ambamo miji inarejesha fedha na mji mwingine unakopeshwa hizo hizo.

Sasa bei ya maji. Wadhibiti wengi wa huduma za maji hawaruhusu mali iliyotolewa bure iingizwe kwenye hesabu ya bei, kwa hoja kwamba mteja asilipie kitu ambacho mamlaka haikukinunua. Hoja ina haki yake. Lakini pampu na mashine za hewa huchakaa kwa miaka 10 hadi 15, wakati zege linaweza kukaa 50. Uchakavu usipokuwemo kwenye ankara, mwaka wa kumi na mbili mtakuwa mnatafuta mfadhili wa kununua pampu. Mwulizeni mdhibiti mapema, kwa barua, kama atakubali angalau akiba ya kubadilishia mitambo.

Simwambii mtu akatae ruzuku. Ningeomba ibadilishwe matumizi. Kama ardhi ipo na hali ya hewa ni ya joto, mabwawa ya majitaka yanafanya kazi hiyo karibu bila umeme: bwawa la kina kirefu lisilo na hewa, la pili la kina cha mita moja na nusu hadi mbili, kisha ya mwisho ya kuua vimelea. Yanakula eneo kubwa, hilo ni kweli. Tope la bwawa la kwanza nalo lazima litolewe kila baada ya miaka michache, kazi ambayo karibu kila bajeti huisahau. Kama ardhi ni finyu na lazima tope hai, ujengwe kwa awamu, theluthi kwanza, nafasi ya zingine ibaki wazi.

Fedha inayobaki iende kwenye maunganisho ya nyumba, mpaka ndani ya uwanja wa mteja. Hapa ndipo miradi mingi hufia: bomba kuu linapita mbele ya mlango na mwenye nyumba anaambiwa agharamie mwenyewe. Brazil, tangu miaka ya 1980 mjini Natal, walipunguza gharama kwa kupitisha mabomba membamba kwa kina kifupi ndani ya viwanja au chini ya njia ya waenda kwa miguu. Na wengi watakaobaki na mashimo ya choo wajengewe sehemu ya magari ya kunyonya majitaka kumwagia, pamoja na vitanda vya kukaushia tope. Mzigo wa gari moja ukimwagwa ghafla kwenye mtambo mdogo wa tope hai unaweza kuuvuruga.

Kabla ya kupiga kura, dai karatasi moja kutoka kwa mshauri: gharama ya umeme, vipuri na mishahara ya mtambo kwa mwaka wa kwanza, mwaka wa tano na wa kumi, na mbele yake mapato ya majitaka kwa wateja mtakaokuwa mmewaunganisha miaka hiyo. Akisema atailetea bodi baada ya kusaini, ahirisheni kikao.