Jibu: John Peel kabla ya 1967

Habari ndugu. Umesema unaandika wasifu wa mtangazaji John Peel, ila kila ukimtafuta Marekani kabla ya 1967 humpati. Anza na jina. Alizaliwa John Ravenscroft, 1939, Heswall, Uingereza. "Peel" lilikuja 1967 alipoingia Radio London, kituo kilichorusha matangazo kutoka melini. Mimi habari zake za Oklahoma City na San Bernardino, miji ya Marekani alikotangaza redioni kabla ya hapo, nilizipata kwa kutafuta "Ravencroft", bila s, kwani ndivyo alivyojiita hewani.

Kituo kile kilifungwa Agosti 1967, sheria ilipobana redio za melini. Septemba BBC Radio 1 ikafunguliwa naye yumo, akadumu hadi alipofariki Cusco, Peru, Oktoba 2004.

Ukifika hapo usikimbie. BBC iliwekewa kikomo cha saa za kupiga santuri, hivyo bendi ziliitwa studio kurekodi upya. Peel akaitumia nafasi hiyo kuwafungulia mlango wasiojulikana. Hata Bhundu Boys wa Zimbabwe aliwapigia debe kwa moyo wote. Kwangu mimi, sura hiyo ndiyo inayostahili kurasa nyingi zaidi.