Sifuri ya kazi isiyoletwa inapima nini? Maswali yenu kuhusu alama

Wahariri, salaam. Ninafundisha Bailojia Kidato cha Pili, wanafunzi 68. Asiyeleta kazi namwandikia 0. Mwalimu wa taaluma ananitaka nizifute hizo sifuri. Nikizifuta, si nitakuwa nimewapa wavivu ruhusa? *Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu wa taaluma yuko sahihi, ingawa hofu yako nayo ina msingi. Tupige hesabu kwanza. Mwanafunzi amepata 70, 68, 72 na 74. Kazi ya tano hakuleta. Wastani wa zile nne ni 71, yaani B kwa viwango vya sekondari vya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania (65 hadi 74). Ukiingiza 0, wastani unaporomoka hadi 56.8, ambayo ni C. Hajasahau chochote kuhusu usanisinuru, ila ripoti inasema amesahau. Tena atahitaji kazi 7 nyingine za alama 71 ndipo avuke 65.

Tatizo liko kwenye upana wa madaraja. B ina alama 10 tu, F inameza 30 nzima, kuanzia 0 hadi 29. Kwa hiyo 0 si kufeli kwa kawaida. Ni kufeli kulikozikwa chini kabisa, kwa kosa ambalo si la Bailojia.

Kwenye daftari la alama andika HK (hakuleta), na HK isiingie kwenye wastani. Mpe siku tatu. Zikipita, abaki Ijumaa baada ya vipindi, dakika 30, wote wenye HK pamoja, wajibu swali jipya la mada ileile. Lisiwe lile la awali: wenzake wamesharudishiwa madaftari, atanakili. Alama atakayopata iingie nzima bila kukatwa. Uvivu uwekee safu yake, "uwajibikaji", na mzazi aione kwenye ripoti. Hapo ndipo pa kumbana, na kwa kweli kubaki shule Ijumaa kunawauma wengi kuliko sifuri, kwani sifuri haimtoi mtu jasho. Muhula ukiisha na bado ana HK mbili kati ya kazi tano, usitoe wastani. Andika "hajakamilisha".

Utaratibu huu huharibika pale mwalimu anapolimbikiza HK hadi wiki ya mwisho. Zifunge kila Ijumaa.

Mwanangu yuko Gredi ya 5. Ripoti ya Hisabati inasema "anakaribia matarajio". Hiyo ni asilimia ngapi, na amekuwa nambari ngapi darasani? Jirani ananiambia tathmini hizi hazihesabiki popote. *Mama, Nakuru*

Mama, nambari darasani haingekusaidia hata ungeipata. Mtoto wa 12 katika darasa dhaifu na wa 12 katika darasa kali hawajui kitu kimoja. Mwulize mwalimu maswali mawili: ni mada gani, na ni hatua gani inayomshinda? Jibu linalofaa husikika hivi: "Anajumlisha 1/5 na 2/5 bila msaada, lakini akipewa 1/2 na 1/3 anaandika 2/5." Amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Kosa hilo linatibika mezani nyumbani. Kata karatasi ndefu, ikunje sehemu 6 sawa. Nusu ni vipande 3, theluthi ni 2, jumla 5 kati ya 6. Mwulize pia: 2/5 ni ndogo kuliko nusu, sasa nusu uliyoanza nayo imekwenda wapi? Maswali matano kwa siku yanatosha. Mwalimu akikujibu tu "atie bidii", rudi umwombe akuonyeshe kazi yenyewe ya mtoto.

Jirani amekosea. Katika KJSEA, tathmini ya kitaifa ya mwisho wa sekondari ya chini nchini Kenya, iliyofanywa kwa mara ya kwanza 2025, mtihani wa Gredi ya 9 una uzito wa 60%. Tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zinachangia 20%, na ile ya kitaifa ya Gredi ya 6 inachangia 20%.

Tunasahihisha insha walimu wawili. Mwenzangu anatoa 15 kati ya 20 pale ninapotoa 9. Tufanyeje? *Mwalimu wa Kiswahili, Tanga*

Gawanyeni zile 20 kabla ya kusahihisha: maudhui 8, mpangilio 4, lugha 5, tahajia 3. Chagueni insha tano, funikeni majina, kila mtu asahihishe peke yake, kisha mlinganishe. Tofauti ikizidi 2, msigawane katikati. Tafuteni ni kipengele gani kilichowatenganisha (mara nyingi ni maudhui) na mwandike kwa maneno insha yenye alama 6 ina nini ambacho yenye alama 4 haina. Mkimaliza, changanyeni rundo: aliyesahihishwa baada ya insha nzuri sana huonekana dhaifu kuliko alivyo.