Filimbi ya refa inagoma kwenye baridi

SWALI: Nachezesha mechi za shule hapa Makete. Asubuhi za Juni na Julai filimbi yangu yenye kipira ndani hugoma nikiipuliza kwa nguvu. Tatizo ni nini?

JIBU: Mvuke wa pumzi, mwalimu. Kwenye baridi hugeuka maji ndani ya filimbi, ukichanganyika na mate kipira kinanata, kisha pumzi kali inakibana na sauti inakatika. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikung'ute, iache ikauke. Kabla ya mechi iweke mfukoni ipate joto la mwili. Lakini kwa baridi ya Makete, bora isiyo na kipira kabisa, kama Fox 40 ya Kanada iliyoanza kuuzwa 1987. Puliza kwa ukali, kata sauti kwa ulimi.