Ulikata utumbo zamani na siku hizi sukari inakushuka ukishakula? Hii inakuhusu

Kuna sisi tuliofanya baipasi ya tumbo, ile operesheni ya kupunguza uzito, miaka kadhaa nyuma, kilo zikaondoka, presha ikatulia, waliokuwa na kisukari wengine wakaachishwa hadi dawa, halafu mwaka wa pili au wa tatu huko ndo vituko vinaanza. Umekula mchana vizuri tu, inafika saa moja na nusu baadaye mikono inatetemeka, jasho la baridi mgongoni, moyo unakimbia, na unataka kuongea ila maneno yanagoma. Ukisimulia, huyu atakwambia presha, yule wasiwasi, mama mkwe anauliza kama una mimba, na hakosekani wa kusema umerogwa maana ulipendeza ghafla. Jamani, pima sukari kwanza, tena pale pale unapotetemeka, usisubiri kesho.

Nasisitiza pale pale kwa sababu wengi wetu tunaenda maabara asubuhi hatujala, kipimo kinatoka safi, unaambiwa mzima nenda nyumbani. Hata kile cha wastani wa miezi mitatu kinaweza kutoka kizuri tu. Hili tatizo linakuja baada ya chakula, mara nyingi kati ya saa moja na saa tatu, kwa hiyo ukipima ukiwa na njaa hulioni. Mimi nilianza kuelewa siku niliyokula wali maharage na glasi ya juisi ya embe nikapima kila baada ya muda: nusu saa 12.1 (kwa vipimo vya mmol/L), nikajua basi kisukari hicho, kabla ya saa mbili kutimia kimashine kinasoma 2.7. Chini ya 3.9 ujue imeshuka, chini ya 3.0 ni hatari kabisa, ubongo unakosa nishati hapo.

Kinachotokea ni hivi. Baipasi inakuachia kijitumbo cha ukubwa wa yai, na chakula hakisubirishwi tena mlangoni, kinaingia moja kwa moja kwenye utumbo mdogo. Wanga unageuka sukari kwa mkupuo, utumbo unamwaga homoni ya GLP-1 kwa wingi (ndo hiyo hiyo ambayo sindano za kisukari na uzito kama Ozempic zinaiga), kongosho nalo linaitika na insulini nyingi kupita kiasi. Sukari inakwisha, insulini bado ipo inafanya kazi, unaanguka. Waliofanya slivu, ile ya kukata sehemu kubwa ya tumbo, pia inawapata, ila kwa baipasi ni zaidi. Na msichanganye na ile ya tumbo kukata na kuharisha dakika chache baada ya kula vitamu, ile ni habari nyingine.

Sasa chakula, maana dawa ya kwanza ipo kwenye sahani. Adui namba moja kwangu ni uji wenye sukari, na ndo kitu cha kwanza watu wanakuletea ukisema unajisikia vibaya! Ni wanga wa kunywa, unapita mbio hakuna wa kuuzuia. Juisi ya miwa, soda, chai ya sukari na maandazi, kundi moja. Ugali sijaacha bwana, ila naanza na samaki au maharage na mboga, ugali unakuja mwisho, tonge chache. Wataalamu wa lishe wengi wanashauri wanga usizidi kama gramu 30 kwa mlo, na chapati moja nzito peke yake inaweza kufika hapo. Maji kunywa nusu saa baada ya kula, katikati ya milo weka yai la kuchemsha, karanga au mtindi usio na sukari. Pombe ndo usiguse ukiwa hujala, inazuia ini kutengeneza sukari mpya.

Ikishashuka, usigugumie soda chupa nzima, itapanda juu halafu ikuangushe upya, unashinda siku nzima kwenye bembea. Chukua glukosi ya unga ya duka la dawa, vijiko vitatu vya chai kwenye maji kidogo, subiri dakika 15, pima, ikishapanda kula yai au karanga. Wale mliopewa akabosi, ile dawa inayochelewesha wanga, sikilizeni vizuri: sukari ya mezani haiwezi kuwainua haraka kwa sababu dawa inazuia isivunjwe, lazima iwe glukosi yenyewe.

Mabinti mnaobeba mimba baada ya operesheni, kliniki wakitaka kuwapa ile glukosi ya kunywa ya kupimia kisukari cha mimba, waambieni mapema kwamba mlifanya baipasi. Inaweza kukuporomosha vibaya, na ipo njia nyingine, kujipima nyumbani kabla na baada ya kula kwa wiki nzima hivi.

Ila kama sukari inashuka hujala, au usiku wa manane umelala, usijijibu mwenyewe kwamba ni baipasi. Hiyo inatakiwa daktari wa homoni aiangalie, kuna vivimbe vidogo vya kongosho vinafanya hivyo. Umezimia au umepata degedege, hospitali siku hiyo hiyo. Na anayeendesha gari au bodaboda apime kabla ya kuwasha, ikiwa chini ya 5 ale kwanza, abiria watasubiri.