Jibu: Mgahawa Marangu unajaa ila hela haionekani
Habari dada. Umesema mgahawa wako Marangu Mtoni unajaa mchana, ila jioni hela ya mchele wa kesho hupati. Anza na daftari la madeni. Mimi nipo Himo, na wanaokula kwa mkopo ndio walikuwa wananimaliza: bodaboda, mafundi, hata majirani. Siku hizi deni la jana lisipolipwa, sahani mpya haitoki. Wawili watatu watanuna, waache wanune. Kisha pima mchele kwa kikombe kabla ya kupika, ujue kilo moja inatoa sahani ngapi. Aprili na Mei, masika yakipunguza wapanda Mlima Kilimanjaro, punguza wali, pika mtori wa ndizi. Ndizi zipo hapo hapo kijijini. Na hela ya mzigo wa kesho itenge kwanza, kabla hujagusa ya nyumbani.