Jibu: Hakimu wa wilaya Pennsylvania lazima awe mwanasheria?

Ndugu, hapana. Hakimu wa wilaya Pennsylvania, Marekani, si lazima awe mwanasheria. Asiye mwanasheria husoma kozi ya wiki 4 na kufaulu mtihani kabla ya kuanza kazi. Awe na miaka 21 na awe amekaa wilaya hiyo mwaka mzima. Kipindi ni miaka 6, na anaweza kugombea tena. Husikiliza madai yasiyozidi dola 12,000, kesi za kupangisha nyumba, makosa ya barabarani, na hatua za mwanzo za jinai.

Hakimu huyu huchaguliwa kwa kura, na wengi hukwama kwenye fomu ya wadhamini, yaani wapiga kura wanaotia saini ili jina lako liingie kwenye mchujo, uchaguzi wa chama kumpata mgombea wake. Zinatakiwa saini 100 kwa kila chama, ndani ya wiki 3 hivi. Sheria inaruhusu kugombea mchujo wa vyama vyote viwili vikuu, Democratic na Republican, ila kila chama kina fomu yake. Mdhamini lazima awe amejiandikisha katika chama hicho na aishi wilayani. Tena kama alishamdhamini mpinzani wako, saini yake kwako haihesabiwi. Kwa hiyo kusanya 200 kwa kila chama, maana pingamizi hufyeka nyingi. Na usiombe michango mwenyewe kabisa! Hiyo ni kazi ya kamati yako ya kampeni.