Kabla hujawasha barua pepe za mfumo wa tiketi: maneno kwa wanaoanza kazi

Vijana wa fildi wakija kitengoni kwetu hapa Tanga hupenda kupewa kazi inayoonekana, na kuunganisha mfumo wa tiketi (unaoandikisha kila tatizo la kompyuta mpaka litatuliwe) na barua pepe ni mojawapo. Unaweka anwani ya seva ya barua, namba ya poti (mlango wa kuunganishia), jina na nywila, unatuma barua ya majaribio, inafika, unapiga picha ya skrini ya kuweka kwenye ripoti ya chuo. Sehemu hiyo kweli huisha kabla ya chai ya saa nne. Kazi yenyewe ndiyo inaanzia hapo: nani apate barua gani, ifike lini, imwambie nini. Nimeona mfumo uliosanidiwa vizuri kabisa ukafa kwa sababu kila mtu alikuwa anatumiwa kila kitu, na haukupita muda mrefu hakuna aliyekuwa anafungua chochote.

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha. Wengi tuko mjini karibu na bandari, wenzetu wengine wako mpakani Horohoro, na ghala liko nje kidogo ya mji. Kompyuta au printa ikisumbua, mtu anafungua tiketi kwenye MantisBT, mfumo ulioandikwa kwa lugha ya PHP, uliopo tangu 2000, wa bure, usiohitaji seva kubwa. Ukienda kwingine utakuta Redmine, iliyoanza 2006, au Jira ya kulipia. Vitufe vitakuwa na majina mengine, lakini nitakayoyasema utayakuta huko pia.

Anza na akaunti. Usitumie barua pepe ya mtu binafsi, hata awe mkuu wa kitengo na akuruhusu kwa moyo mkunjufu. Siku akihama, akaunti yake inafungwa na taarifa zinakatika bila mtu kujua. Omba anwani maalumu kwenye domeni ya ofisi, yaani jina lake la intaneti. Kama ofisi bado inatumia Gmail ya kawaida, nywila ya kila siku haitakubali: washa kwanza uthibitisho wa hatua mbili, kisha tengeneza nywila ya programu, ile ya herufi 16. Kumbuka pia Gmail ya kawaida ina kikomo cha barua 500 kwa siku. Na hiyo nywila isitumwe kwenye grupu la WhatsApp la kitengo. Ikae kwenye faili la mipangilio ambalo watumiaji wengine wa seva hawawezi kulisoma.

Poti ni tatu tu za kukumbuka. 25 ni ya seva kuzungumza na seva, na watoa huduma wengi wa intaneti huizuia, kwa hiyo usipoteze siku kupigana nayo. 587 huanza mazungumzo wazi kisha hufunga kwa usimbaji, 465 hufunga tangu mwanzo. Mtoa huduma wako wa barua atakuambia anatumia ipi. Ukichanganya 465 na mpangilio wa 587, muunganisho unaning'inia tu bila kusema kitu, na wageni wengi hapo hudhani nywila imekosewa.

Jaribu kutokea kwenye seva yenyewe. Laptopu yako ya mezani huenda imeunganishwa kwenye intaneti ya simu, wakati seva iko nyuma ya faiawoli (kizuizi cha mtandao) ya ofisi. Zinaona mambo tofauti. Amri ya openssl s_client yenye chaguo la -starttls smtp (kwa poti 587) itakuonyesha kama seva ya barua inakubali muunganisho wako kabla hata hujagusa mfumo wa tiketi. Baada ya hapo, tuma barua ya majaribio usome namba inayorudi kutoka seva ya barua. 535 ni jina au nywila. 550 mara nyingi ni kwamba sanduku la mpokeaji halipo, au seva imekataa kupeleka barua yako. Zinazoanza na 4, kama 421 na 450, zinakwambia subiri ujaribu tena, kwa hiyo usibadilishe chochote. Kuna tabia ya kubadilisha vitu vitatu kwa pamoja mtu akiona kosa. Hata barua ikifika baadaye, hujui kilichoiponya.

Barua ikitoka, bado inaweza kuishia kwenye barua taka. Hapo kaa na anayesimamia DNS ya domeni yenu, yaani rekodi zake zinazosomwa na seva nyingine. SPF inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni, DKIM inaweka sahihi kwenye barua, na DMARC inaeleza mpokeaji afanye nini barua ikishindwa vipimo hivyo. Tangu Februari 2024 Google wanamtaka kila anayetuma kwenye Gmail za kawaida awe na angalau SPF au DKIM, na anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku awe na zote tatu. Kosa ninalolikuta sana ni domeni yenye rekodi mbili za SPF, moja ya zamani na moja iliyoongezwa na mtu mwingine. Domeni moja inatakiwa kuwa na rekodi moja. Zikiwa mbili, kipimo kinashindwa. Ziunganishe.

Kitu kidogo kinachotia aibu: kiungo ndani ya barua. Ulisanidi mfumo ukiwa kwenye seva, ukauacha unajijua kwa jina la localhost, lenye maana ya "kompyuta hii hii". Barua inafika Horohoro, mtu anagusa kiungo kwenye simu yake, haoni kitu. Kwenye faili la mipangilio la MantisBT angalia $g_path, ndipo anwani ya mfumo inapoandikwa. Redmine ina sehemu ya kuandika jina la seva na njia yake kwenye mipangilio ya jumla. Kisha fungua kiungo hicho kwa simu ukiwa nje ya mtandao wa ofisi.

Sasa foleni, yaani barua kusubiri zamu ya kutumwa, ambayo kwa mazingira yetu naona ni ya lazima. Ukiacha mfumo utume barua papo hapo mtu anapohifadhi tiketi, siku intaneti ikiwa nzito ukurasa unakaa unazunguka, mtu anadhani haikuhifadhiwa, anabonyeza tena, na unapata tiketi mbili za printa moja. Weka $g_email_send_using_cronjob kuwa ON, halafu iambie cron (programu ya seva inayoendesha kazi kwa ratiba) iendeshe scripts/send_emails.php kila baada ya dakika chache. Barua zitasubiri ndani ya hifadhidata. Umeme ukikatika, betri ikaisha, seva ikazimika, ikiwaka zipo palepale zinaendelea kutoka. Ila angalia: MantisBT hujaribu tena barua iliyoshindwa kwa siku kadhaa, kwa kawaida 7, kisha huifuta. Kwa hiyo mtu lazima atazame foleni. Sisi tuna skripti inayohesabu barua zilizobaki kwenye mantis_email_table, jedwali la foleni hiyo, kila asubuhi, na idadi ikizidi kiasi inatuma SMS. SMS, maana barua pepe ya kukwambia kwamba barua pepe hazitoki utaipata lini?

Wanaotumia Redmine wajue kwamba tangu toleo la 4.0 barua hutumwa nyuma ya pazia, na kwa mpangilio wa kawaida foleni hiyo iko kwenye kumbukumbu ya programu inayoendelea. Ukiwasha upya kabla hazijatoka, zimekwenda na maji.

Nani apate? Kaa chini na karatasi kabla ya kugusa $g_notify_flags, mpangilio wa MantisBT unaoamua nani apate barua ya tukio gani. Chora matukio upande mmoja (tiketi mpya, imekabidhiwa, maoni yameongezwa, imetatuliwa, imefungwa, imefunguliwa upya) na watu upande wa pili: aliyeripoti, aliyekabidhiwa, anayefuatilia, waliowahi kutoa maoni, wasimamizi. Kwa kila makutano jiulize swali moja: huyu akipata barua hii, atafanya nini? Kama jibu ni "atajua tu", futa. Meneja atakwambia anataka zote. Mpe muhtasari wa wiki, na mwonyeshe ukurasa wa ripoti. Akisisitiza mpe zote. Kwa uzoefu wangu atarudi mwenyewe kuomba zipunguzwe.

Chaguo-msingi za MantisBT si mbaya: aliyeripoti, aliyekabidhiwa, wanaofuatilia na waliotoa maoni. Hatari iko kwenye threshold_min na threshold_max, yaani kuanzia ngazi ipi ya watumiaji hadi ipi wapate barua. Ukiweka ya kwanza ngazi ya chini kabisa na ya pili ya juu kabisa, umewaita mji mzima, pamoja na yule dada wa mapokezi aliyefunguliwa akaunti ili aripoti simu ya mezani. Anayehitaji kuona tiketi zote mpya ni yule wa zamu anayezigawa. Wengine wapate pale inapowahusu.

Kuna jambo ambalo hutalikuta kwenye maelekezo ya mfumo. Kwetu watu wengi hawafungui tiketi wenyewe. Wanapiga simu, au wanakushika korido: "Kaka, ile mashine ya ghala imegoma tena." Wewe wa dawati la msaada unafungua tiketi kwa akaunti yako. Kwa mfumo, aliyeripoti ni wewe. Tatizo likitatuliwa, barua inakuja kwako, na mzee wa ghala hajui lolote. Kesho anapiga simu tena akiwa na hasira, naye ana haki. Basi kila unapofungua tiketi kwa niaba ya mtu, badilisha sehemu ya aliyeripoti iwe jina lake, au mwongeze kwenye wanaofuatilia. Hili liingie kwenye mafunzo ya siku ya kwanza, maana limetuletea malalamiko mengi kuliko mambo yote ya seva ya barua. Na wala usijaribu kulitibu kwa kuwasha $g_email_receive_own. Hiyo itampelekea kila fundi barua ya kila alichokifanya mwenyewe.

Tuje kwenye maneno. Watu wanasoma kwenye simu, wengine juani, kwa bando lao wenyewe. Kichwa cha barua kionyeshe kila kitu kabla hakijakatwa. Linganisha:

[MantisBT 0000412]: Tatizo

Horohoro: printa ya stakabadhi haichapi (412), umekabidhiwa wewe

Ya kwanza inamlazimu fundi afungue kujua ni nini. Ya pili ameshabeba wino kabla hajafungua. Sehemu kubwa ya ubora huu inatoka kwa anayeandika jina la tiketi, kwa hiyo mfundishe mtumiaji ataje mahali na kifaa. Maneno ya ndani ya barua utayarekebisha kwenye faili la custom_strings_inc.php, ambapo unaweza kubadilisha maneno ya mfumo yawe ya Kiswahili cha ofisini kwenu. Ndani ya barua, sentensi ya kwanza iseme kilichofanyika na mtu afanye nini kikirudia. "Hali: imefungwa" haimsaidii mtu aliyekaa siku mbili bila printa. "Tumebadilisha rola, jaribu kuchapisha, ikigoma jibu barua hii" inamsaidia, na ina adabu. Hapa Tanga adabu watu wanaihesabu, hata iliyoandikwa na mashine.

Ukishasema "jibu barua hii", hakikisha kuna anayesoma majibu. Anwani isiyopokea majibu ni mlango uliochorwa ukutani. Ama mtu wa zamu afungue kikasha hicho, ama uweke EmailReporting, programu-jalizi (nyongeza) ya MantisBT, ili majibu yaingie kwenye tiketi. Ukichagua hii ya pili, chunga kitanzi. Mtu yuko likizo, ameweka jibu la kujiendesha. Mfumo unamtumia barua, kikasha chake kinajibu, jibu linakuwa maoni mapya, mfumo unamtumia barua kuhusu maoni hayo, naye anajibu tena. Ikianza Ijumaa jioni, Jumatatu utakuta kikasha kimefurika. Dawa ni mfumo kusoma Auto-Submitted, mstari uliofichwa juu ya barua unaosema imejituma yenyewe, na kupuuza chochote kilichojiendesha, na wewe kuthibitisha kwa akaunti ya majaribio kabla hujawafungulia watu.

Ya dharura usiyaweke kwenye barua pepe. Mfumo wa mizigo ukilala wakati malori yamepanga foleni mpakani, mtu apige simu. Tiketi itafunguliwa baadaye kwa ajili ya kumbukumbu. Hili liandikwe ukutani penye namba ya zamu.

Mwisho ni saa. Seva nyingi husoma UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko saa tatu mbele. Ukitaka kikumbusho cha tiketi zilizolala kifike saa mbili asubuhi, cron iandikiwe 5. Ukiandika 8, kitafika saa tano, mafundi wote wako nje. Ratiba za kupandisha tiketi kwa mkubwa baada ya muda fulani zihesabu saa za kazi tu, na Ijumaa mchana simamisha saa hiyo. Kuanzia saa sita na nusu hivi nusu ya ofisi iko msikitini, na hakuna sababu ya fundi kutoka kwenye swala akakuta barua tatu zinazomshtaki kwa bosi wake.